Deni Lililoibwa

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kusema na fisi kujibu, ni zamani ya karibu tu, wakati mwenye baiskeli aliposalimiwa kabla ya mwenye ng'ombe, palikuwa na mwanamke mmoja wa Kingoni, jina lake Osmunda. Mumewe aliitwa Engelbert Ngonyani. Osmunda alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kila siku akipalilia mihogo alikuwa akizungumza na huyo aliye tumboni. Wewe uliye nyuma, sogea karibu, mimi sirudii.

Uchungu ukamshika. Ukamshika mchana, ukamshika usiku, mtoto hatoki. Kulipopambazuka mkunga akanawa mikono, akasema, "Mimi nimefika mwisho wangu. Mpelekeni hospitali."

Hospitali ilikuwa ya masista, huko ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nzima na nusu kwa miguu. Engelbert alitoa baiskeli yake, akamkalisha mkewe kwenye keria, akamfunga kwa kanga mbili, akaondoka. Penye mteremko akashika breki, penye mlima akasukuma, penye mto akabeba mke kwanza, kisha akarudi kubeba baiskeli. Walifika jua likizama. Daktari akampasua Osmunda, akatoa binti mwenye sauti ya tarumbeta, kisha akashona. Nyuzi ishirini na moja.

Osmunda alipozinduka aliambiwa mambo matatu. Umepata binti. Umeponea chupuchupu. Na usicheke mpaka mshono ukauke. Mambo mawili ya kwanza aliyapokea kwa shukrani, lakini hilo la tatu lilimshinda, kama mtakavyoona.

Akaja Sista Gaudensia, karani wa dirisha la malipo, na daftari lake kwapani. Akasema, "Shilingi mia mbili za hospitali, yaani kitanda, dawa na uji. Shilingi mia mbili za daktari, yaani kisu na uzi. Zikilipwa zote, naandika jina la mtoto kwenye kadi, mnakwenda kwenu. Zisipolipwa, kaeni, uji upo."

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye fundo. Katika ukoo wa kina Ngonyani mtoto hatoki chumbani mpaka mkunga apewe kuku wake. Na anayemtoa huyo kuku ndiye anayempa mtoto jina, awe nani, awe wapi. Wana msemo wao: mtoa kuku ndiye mtoa jina. Basi hapa kuku alikuwa wa shilingi mia nne.

Engelbert akasema, "Kuku huyo ni wangu. Mke wangu, nisubiri." Akapanda baiskeli, akapotea.

Siku ya tatu akatokea mama yake Engelbert, Bibi Kandida, na bakora yake na kikopo cha bati. Alimtazama mjukuu, akamtazama mkwewe, akacheka peke yake. "Mwanangu," alimwambia Osmunda, "unajua kilichomo humu? Ni sanduku langu la kuzikiwa. Nimeliwekea akiba miaka tisa, ubao wa mninga, misumari ya shaba. Nimewaza njiani: nilale mimi kwenye mninga, na mjukuu wangu alale rehani?"

Akaenda dirishani, akamwaga shilingi mia mbili, akalipa za hospitali. Aliporudi alikaa kitandani, akatangaza ili wodi nzima isikie, "Sasa sina sanduku, kwa hiyo sifi. Mtanilisha mpaka nipate jingine."

Osmunda akacheka. Akashika mshono. "Mama, nakuomba, nyuzi zitakatika."

Zikabaki za daktari. Engelbert haonekani. Siku ya nne haonekani, siku ya tano haonekani. Wagonjwa wakaanza kumwangalia Osmunda kwa jicho la huruma, naye akaanza kuogopa kwamba mumewe kapatwa na jambo, au kaona deni ni refu kuliko mapenzi.

Siku ya sita asubuhi aliketi barazani akimwotesha mtoto jua. Akaja mlinzi wa lango, mzee Kiwele, Mhehe, mwenye kofia ya zamani isiyo na rangi. Nanyi mnajua, Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wajukuu wakabaki na kutaniana, na mtani hakasirikiwi. Kiwele akamwinamia mtoto. "Kamwene, adui," alimwamkia Kihehe. Kisha akamwambia mama, "Mtani, nipe huyu askari wenu. Nimemteka."

Osmunda akampa, maana ndiyo ada. Mzee akaenda kuketi kwenye kiti chake langoni, mtoto kifuani, kofia chini, akaanza kunadi. "Wangoni, njooni mwone aibu yenu. Nimekamata jemadari wa siku sita, hana hata jino. Nani anamkomboa?"

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mngoni gani atapita langoni amwache mwenzake mikononi mwa Mhehe? Muuza ndizi akatoa shilingi. Wanakwaya waliokuja kumwombea mgonjwa wakatoa kumi na moja, na wimbo juu. Dereva wa lori alitoa tano, Kiwele akamwambia kwa bei hiyo atampa mguu mmoja tu, dereva akaongeza tano. Kila aliyetoa alimkomboa, na kila alipokombolewa Kiwele alimteka upya, mtoto amelala fofofo. Saa sita daktari akapita, naye ni Mngoni wa kuzaliwa. Akasimama, akakunja uso, akatia mfukoni mkono, akaweka shilingi ishirini kofiani. Alipokwenda zake muuza ndizi akasema, "Ninyi, daktari si kajilipa mwenyewe?"

Osmunda barazani alikuwa ameinama, machozi ya kicheko yanamtoka, mikono yote miwili iko kwenye mshono, anaomba watu wamhurumie, na hakuna aliyemhurumia. Jioni kofia ilihesabiwa. Shilingi mia mbili na tatu. Kiwele akalipa za daktari, na shilingi tatu akamfungia mtoto kwenye pindo la kanga.

Siku ya nane, deni limekwisha, daktari karuhusu waende, Sista Gaudensia kaketi mezani wodini na kalamu na kadi, ndipo Engelbert alipotokea mlangoni. Kwa miguu. Vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameiuza baiskeli kwa mfanyabiashara wa tumbaku kule mbali, na kwa kuwa ameiuza, ilimbidi arudi akitembea siku tatu. Akaweka shilingi mia nne juu ya meza.

"Zimeshalipwa," alisema Sista. "Siwezi kupokea deni lililokwisha."

Engelbert alitazama fedha, akatazama watu. "Mmeniibia deni langu," alisema. Wodi ikaangua kicheko, na Osmunda tena, jamani, na mshono wake.

"Jina," alisema Sista.

Bibi Kandida akapiga bakora sakafuni. "Mtoa kuku ndiye mtoa jina. Nimetoa kuku, na sanduku nikatoa. Mtoto ataitwa Kandida. Kama nitazikwa kwenye mkeka, angalau jina langu libaki linatembea."

"Mama, chukua mia mbili zako hizi hapa, ukanunue mninga wako," alisema Engelbert.

"Mninga siutaki tena. Nataka jina."

Mzee Kiwele, aliyemfuata Engelbert kutoka langoni, akavua kofia. "Mateka huyu kakombolewa kwa kofia yangu. Bila mimi kumnadi, huyu angekuwa humu mpaka leo. Ataitwa Sekindole, jina la mama yangu, Wangoni wote wakimwita wakumbuke nani alimteka." Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. "Halafu, mtani, nimekaa lango hili miaka kumi na miwili. Akina mama wanatoka na watoto wao, hakuna anayegeuka nyuma. Mwenye jina la mama yangu atageuka."

Engelbert hakupandisha sauti. "Dada yangu Filomena alifia njia hii hii ya kuja hapa, na mimba yake, tumembeba kwa machela. Ndiyo maana nilinunua baiskeli. Niliilimia misimu minne. Kama si baiskeli, mama, sanduku lako lingetumika siku ile, na wewe mzee, ungemteka nani? Nimeitumia kumleta mke wangu, kisha nimeiuza kumtoa. Nimechelewa kwa sababu nilitoa miguu yangu. Aitwe Filomena."

Sista akachovya kalamu, akaona hajui aandike lipi, akamgeukia Osmunda. "Nawe, mama, una stakabadhi gani?"

Osmunda hakuwa na stakabadhi. Alikuwa na nyuzi ishirini na moja, na jina alilokuwa akimwitia mtoto kule kwenye mihogo, miezi tisa, mtoto angali tumboni. Jina hilo hajamwambia mtu, hata mimi hakuniambia. Akamtazama mumewe mwenye vumbi, akamtazama mama mkwe asiye na sanduku, akamtazama mtani aliyeshika kofia. Wote watatu aliwapenda. Mtoto akafumbua macho.

Mtoa kuku ndiye mtoa jina, sawa, tumekubali. Lakini kuku mmoja ametolewa mara ngapi, na ametolewa na nani? Semeni upesi, wino unadondoka kwenye kadi na Sista hana kadi nyingine. Bibi aliyetoa sanduku, mtani aliyetoa kofia, baba aliyetoa miguu, au mama asiye na stakabadhi: je, nani alistahili kumpa mtoto jina?