Ushuhuda wa Siku ya Nne

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mchuma chai, na binti yake wa miaka sita, Tusekile, mtoto wa kuimba kutwa hadi anyamazishwe. Sikio lake la kushoto lilitoa usaha, likakauka, likaanza tena, karibu mwaka mzima.

Mama akampeleka hospitali. Daktari wa masikio akachungulia kwa taa yake, akasema, "Mama, nyuma ya ngoma ya sikio kuna uvimbe unaota. Tusipoutoa, utakula vile vifupa vinavyomsaidia kusikia. Tumpasue mwezi huu. Una swali?"

Maswali alikuwa nayo tele. Akilazwa usingizi, ataamka? Kisu kitapita wapi? Lakini mlangoni kulikuwa na foleni, na daktari ameshashika faili la mwingine. Akajibu, "Sina, daktari."

Maswali yale akaenda kuiuliza simu. Nani hapa atamlaumu? Simu haina foleni. Simu haimtazami mtu kiatu. Akakuta ukurasa wa Kiswahili kizuri, chenye upole, juu yake picha ya mtoto anacheka. Ulisema kupasua sikio kunawafanya watoto viziwi. Tia matone ya mafuta ya kitunguu saumu. Nani aliuandika? Hakukuwa na jina. Kasomea wapi? Haikusemwa. Mama hakuyatafuta hayo. Alimtazama yule mtoto anayecheka.

Tarehe ya upasuaji ikapita.

Baada ya miezi minane Tusekile aliamka na kizunguzungu, anatembea kwa kushika ukuta, upande mmoja wa uso umelegea. Walimpasua siku ileile. Uso ulirudi, pole pole. Sikio halikurudi.

"Uhai wake tumeuokoa, mama," daktari akasema. "Sikio hili halitasikia tena."

Kwenye kitanda cha pili wodini alikuwapo mama mwingine na mwanawe mdogo, anasubiri zamu ya upasuaji. Asubuhi hiyo alikuwa anasokomeza nguo kwenye mfuko.

"Mnaruhusiwa?" mchuma chai akamuuliza.

"Naondoka zangu, dada. Mwanangu hakatwi. Hebu soma hapa, kuna mama mwenzetu ameandika."

Akampa simu. Akasoma: "Mwanangu ametoka usaha mwaka mzima. Nimemtia matone, leo siku ya nne, sikio kavu kabisa. Wazazi, msikubali kisu. Mungu ni mwema." Na chini yake watu zaidi ya mia tatu wameshukuru.

Maneno yalikuwa yake. Aliyaandika chini ya ukurasa ule, kwa furaha, siku ya nne ya matone. Siku ya kumi na moja usaha ulirudi, na yeye hakurudi kuandika.

"Dada," akasema, "mama huyo ni mimi. Na mtoto wake ndiye huyu."

Yule mwenzake akamtazama Tusekile, kichwa kimefungwa bendeji. Kisha akaanza kutoa nguo mfukoni, moja moja. Mtoto wake alipasuliwa kesho yake, na anasikia. Lakini wale mia tatu? Mchuma chai hajui wanakaa wapi. Hajui watoto wao wanaitwa nani.

Wapendwa, mnadhani alisema uongo? Hakusema uongo. Sikio lilikauka kweli. Kosa lake ndilo letu: sisi hushuhudia siku ya nne, tukanyamaza siku ya kumi na moja. Mangapi tumeyatuma kwa wenzetu kwa nia njema, hatujui aliyeyaandika, na yalipotushinda sisi wenyewe tukaona haya kurudi na kusema, "Nilikosea"?

Yupo mtu aliyekuamini. Jina lake limekujia sasa hivi ulipokaa. Leo, kabla hujashika chakula cha mchana, mpigie. Usimtumie ujumbe. Mpigie, umwambie ukweli wote, maadamu anaweza kukusikia.