Bi Mwanaidi na Wakufunzi Wake Watatu

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa, sijui ilianzia kwa nani. Nawaomba jambo moja tu: isomeni mpaka chini kabla hamjaituma mbele. Wengine mna tabia ya kusoma mistari miwili, mnabonyeza, halafu mnatuwekea dole gumba kwenye kundi. Hii haitaki dole gumba.

Palikuwa na mama mmoja wa Tanga, Bi Mwanaidi, aliyepoteza macho ukubwani kwa presha ya macho. Zamani alikuwa mtu wa mizunguko. Leo yuko kwenye hitma kwa jirani, kesho kwa dada yake, na samaki wa mboga yake hachaguliwi na mtu mwingine. Macho yalipoondoka, yote hayo yakakoma.

Mwanawe wa pekee, Sefu, alikuwa dereva wa greda. Alimpenda mama yake mno, na hofu yake ilikuwa kubwa vilevile. Siku moja alirudi kutoka kazini akamkuta mama amekaa ndani ya mtaro, goti linavuja damu, anajaribu kuwacheka watoto waliokuwa wanamwonea huruma. Kuanzia kesho yake, Sefu akienda kazini alifunga mlango kwa nje kwa kufuli.

"Nisamehe, Mama," alimwambia. "Siku mkufunzi atakaponiambia umehitimu kutembea kwa fimbo, ufunguo huu ni wako."

Bi Mwanaidi hakugomba. Alisema, "Haya, baba. Basi nitafutie huyo mkufunzi."

Mkufunzi akapatikana, na hakudai hata nauli. Upo umoja wa wasioona wenye matawi katika nchi kadhaa, na kila tawi lina wakufunzi wa kujitolea wanaofundisha kutembea kwa fimbo nyeupe. Tanga alikuwapo Mwalimu Shekimweri, mstaafu mmoja mpole. Yeye alifundisha kugonga. Mguu wa kushoto ukitangulia, fimbo inagusa kulia, pale mguu wa kulia utakapokanyaga. Miezi michache tu Bi Mwanaidi akawa anafika sokoni, Mwalimu yuko nyuma yake anahesabu makosa, na makosa yanapungua.

Ikabaki kidogo ahitimu. Kampuni ya akina Sefu ikapata kazi ya barabara Kisumu, wakahama.

Kisumu alikuwapo Mwalimu Ogutu, mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Alimtazama Bi Mwanaidi akitembea, akashika kiuno.

"Nani alikufundisha kugonga-gonga kama mtu anayebisha hodi? Sahau yote. Tunaanza upya."

Kwake, fimbo hainyanyuliwi. Ncha inasugua ardhi muda wote, hata shimo dogo haliponyoki. Bi Mwanaidi akaanza upya. Aliteseka mwanzoni, kisha akazoea, mpaka akawa anavuka barabara kuu Ogutu akiwa kando yake.

Ikabaki kidogo ahitimu. Kazi ya Kisumu ikaisha, wakahamia Jinja.

Jinja alikuwapo Madamu Nakirya. Naye alimtazama akitembea, akaguna.

"Aa, Mama! Fimbo yako itaisha kwa kusugua. Sahau yote. Tunaanza upya."

Kwake, fimbo inakaa mshazari mbele ya mwili, na mgongo wa vidole vya mkono wa pili unafuata ukuta au uzio. Sasa hapo ndipo Bi Mwanaidi alipochanganyikiwa. Alitaka kugonga, akakumbuka asugue, alipoanza kusugua akaambiwa atafute ukuta, na ukuta haukuwapo. Akawa anasimama katikati ya ua, hasogei mbele wala nyuma.

Baada ya wiki nyingi Madamu Nakirya alimwita Sefu pembeni. "Mama yako umri umekwenda," alisema. "Hashiki."

Sefu, aliyekuwa ameshautoa ufunguo kwa matumaini, akaurudisha mfukoni. Ulikuwa huo mmoja tu, mwenzake ulipotea walipohama Kisumu.

Bi Mwanaidi aliyasikia yote, maana watu wakiona huoni hudhani na masikio hayapo. Siku hiyo alilia. "Nimesoma nchi tatu," alimwambia Sefu, "na bado sina ruhusa ya kufika getini."

Kumbe hakuwa peke yake. Wanachama wengi wa umoja ule walikuwa wanahamahama kutafuta riziki, na kila walikohamia waliambiwa wasahau. Malalamiko yakafika kwa mwenyekiti, Mama Nzigire wa Bukavu, ambaye mwenyewe haoni tangu utotoni. Huyu mama alikuwa na maneno machache, na hayo machache yalikuwa na makali. Akawaita wakufunzi wa nchi zote waje Jinja, waweke viwango vimoja vya ufundishaji, na kila mkufunzi apimwe kwavyo.

Ee, mngekuwapo! Ukumbi uliwaka moto. Kila mmoja alitaka njia yake ndiyo iwe kiwango, na wengine wapande basi warudi kwao wakajifunze. Ikafika mahali Mwalimu Ogutu akapiga meza.

"Sisi tunajitolea! Nauli yetu, muda wetu, jua letu. Leo tunapimwa kama watoto wa shule?"

Wakampigia makofi. Hata waliokuwa wanapingana naye walipiga makofi. Mama Nzigire alingoja yaishe.

"Kujitolea ni kwako, Mwalimu," alisema. "Anayeanguka ni mwingine."

Ukumbi ukapoa. Akaendelea: "Kila mkutano mnaniletea wanafunzi wenu waliofaulu. Mimi kesho nataka aliyeshindwa. Nani anaye?"

Hakuna mwalimu anayependa kuinua mkono kwa swali kama hilo. Lakini Madamu Nakirya, na hapa nampa heshima yake, aliinua sauti akasema, "Mimi ninaye mmoja."

Asubuhi yake Sefu akamleta mama yake, amemshika mkono. Walipoingia tu, Mwalimu Shekimweri aliinuka.

"Mama Sefu! Ni wewe?"

"Sauti ya nani hiyo? Mwalimu Shekimweri! Za Tanga?"

"Njema. Lakini huyu ameshindwaje? Kwangu alikuwa anafika sokoni!"

Ogutu naye akasimama. "Hee! Huyu mama kwangu alivuka barabara kuu."

"Kwangu hatoki uani," alisema Madamu Nakirya, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Jamani. Mtu alianza na soko, akaenda na barabara kuu, akaishia uani. Kila mwalimu aliyempata alikuwa mzuri, na kila aliyefuata alimrudisha nyuma. Wale watatu walitazamana.

Mama Nzigire hakuwagombeza. Aligeukia alikosikia sauti ya mgeni. "Bi Mwanaidi, ng'ambo ya barabara kuna wauza samaki. Unaweza kwenda kuniletea sato mmoja?"

"Mama hawezi," alisema Sefu.

"Sijakuuliza wewe, baba."

Bi Mwanaidi alisimama na fimbo yake. Hakusogea. Kisha akageuza uso upande waliko wakufunzi wake, akauliza kwa heshima kabisa, bila kejeli hata chembe:

"Nitembee kwa njia ya nani? Sitaki kumuudhi mtu."

Rudini mlisome tena swali hilo. Mama mtu mzima, mbele yake kuna lori na bodaboda, na anachoogopa ni kumuudhi mwalimu.

Shekimweri aliinamisha kichwa. Ogutu akarudi kukaa polepole.

"Kwa njia yako," alijibu Mama Nzigire. "Na ninyi mfuateni kwa nyuma, midomo mmeifunga. Atakayetoa neno, namrudisha kwao leo hii."

Bi Mwanaidi akavuta pumzi. Ukumbi ulikuwa na ukuta mrefu mpaka getini, na pale fimbo aliiweka mshazari, vidole vikaufuata ukuta. Madamu Nakirya akashika mdomo. Alipotoka nje kwenye lami, ukuta ukakoma, naye akasimama. Watu walidhani ndiyo imekwisha. Kisha fimbo ikaanza kugonga, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mwendo ule ule wa Tanga, na Mwalimu Shekimweri akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Kabla ya barabara palikuwa na mtaro uliofunikwa kwa slabu za zege, na slabu moja ilikuwa imevunjika. Bi Mwanaidi alikuwa anaelekea pale pale.

"Mama!" Sefu alipiga kelele. Alishindwa kujizuia.

Bi Mwanaidi aliinua mkono. "Nyamaza wewe. Nasikiliza."

Ncha ya fimbo ikashuka ardhini, ikaanza kusugua taratibu. Ikaukuta ukingo, ikazama, ikarudi, ikatafuta pembeni mpaka ikapata slabu nzima. Akavuka. Barabarani akangoja mpaka lori limepita na bodaboda imepita, akainua fimbo ionekane, akavuka tena. Nyuma yake watu wazima walikuwa wanatembea kwa kunyata kama wezi.

Aliporudi alikuwa na sato mkononi, na alikuwa ananung'unika.

"Alitaka kunipa wa jana. Nimemrudishia."

Hapo ndipo watu walipocheka, na wengine walilia huku wanacheka. Madamu Nakirya alimshika mikono yote miwili. "Mama, nisamehe. Nilikuambia usahau vitu ambavyo mimi mwenyewe sivijui."

"Sikuweza kusahau, mwanangu," alijibu Bi Mwanaidi. "Nilikuwa navificha tu, usikasirike."

Viwango vikaandikwa siku ile ile, na havikuwa virefu. Kila mkufunzi, wa nchi yoyote, atafundisha njia zote tatu, kila moja na mahali pake, na atapimwa kama anazijua. Juu kabisa wakaweka hili: ukipokea mwanafunzi aliyetoka kwa mwenzako, neno lako la kwanza ni "Nionyeshe ulipofikia." Lile la "Sahau yote" likapigwa marufuku. Na aliyejitokeza kupimwa wa kwanza alikuwa nani? Ogutu! Alishindwa kipengele cha ukuta, akacheka, akaomba Madamu Nakirya amfundishe.

Mchana wakufunzi wote watatu walimwendea Sefu. "Mama yako amehitimu," walisema. Madamu Nakirya akaongeza, "Alihitimu zamani. Sisi ndio tulikuwa bado."

Sefu alitoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mama yake, akakifumba kiganja kwa mikono yake miwili.

Wiki iliyofuata Sefu alirudi kutoka kazini, kachoka, vumbi mpaka kwenye kope. Akakuta kufuli mlangoni. Mama hayupo, na ufunguo ni mmoja.

Alikaa kizingitini. Jua likamfuata akahama upande, likamfuata tena. Jirani akamwambia mama kaenda kwenye hitma, nyumba ya kona. Mara mbili Sefu aliinuka amfuate, na mara zote mbili akajirudisha chini.

Hatimaye akaisikia fimbo kwa mbali. Inagonga kwenye lami. Inasugua kwenye changarawe. Halafu kimya, maana mama alikuwa ameufikia ukuta wa jirani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekaa muda mrefu, baba?"

"Sana, Mama."

"Pole," alisema Bi Mwanaidi, huku anapapasa kufuli. "Basi sasa unajua ilivyo, kukaa unangoja mwenye ufunguo arudi."

Akafungua mlango, akampisha mwanawe aingie kwanza.

Funzo: Ukikabidhiwa mtu aliyefundishwa na mwenzako, muulize amefika wapi kabla hujamwambia aanze upya. Ukiifuta kazi ya mwenzako, hujamkomoa mwenzako. Umemfungia mlango mwanafunzi.