Nambari ya Bi Mwanahija

"Habari ya kufika, mwulize mwenyeji." Mmeisikia, mmeicheka, na sasa mnataka asili yake. Haya, tulieni. Ilizaliwa katika ofisi ya kutafuta jamaa waliopoteana, mwaka ule mto ulipofurika.

Bi Mwanahija alipoteana na bintiye Siwema siku ya maji. Simu yake ilizama, akanunua laini nyingine. Binti angempataje? Kupitia ofisi ile tu: nambari mpya ikishaingia kwenye kanzidata, yaani ghala la majina ndani ya kompyuta, Siwema akiuliza atapewa.

Karani, Tunu, aliandika skripti, maagizo mafupi ya kubadili nambari za watu wote kwa mkupuo. Akaiendesha, ikajibu: Tayari.

Basi Bi Mwanahija akangoja. Akipika, simu iko kifuani; akisali, iko kando ya mswala. Alimtamani mwanawe hata jirani akimwita mtoto wake, yeye moyo unamuuma. Kila alipokwenda ofisini Tunu alimwambia, "Tayari, mama, ilishaingia." Hakuwa mwongo, masikini. Ndivyo alivyoambiwa na skripti.

Siku moja Bi Mwanahija hakuuliza habari. Alisema, "Mwanangu, nionyeshe jina la Siwema na langu yalivyokaa pamoja. Nitazame tu, roho itulie."

Tunu alimwonea huruma, akafungua ghala. Majina yalikuwepo, na chini yake nambari ya zamani.

"Mama, haikubadilika."

"Si ulisema tayari?"

"Skripti ndiyo iliyosema. Mimi huku sikuja kutazama."

Skripti ilitafuta nambari zinazoanza na sifuri, na ghalani zote zilianza na mbili tano tano, tarakimu za nchi. Haikukuta hata moja, haikubadili hata moja, ikamaliza safari yake na kusema tayari. Siwema naye alishauliza zamani, akaacha nambari yake, akapewa ile ya mama iliyozama.

Tunu akampigia Siwema palepale, akamkabidhi mama simu.

"Siwema? Ni mimi, mama yako."

Kilio kikasikika. "Mama, mbona tulishakusomea arobaini?"

Bi Mwanahija akakaa sakafuni, akalia naye.

Tangu hapo Tunu hakuisadiki tayari ya skripti. Huyo ni mjumbe tu, alisema. Mwenyeji ni ghala. Akishaiendesha, anafungua na kutazama kwa macho yake. Na mwenzake akijisifu kwamba kazi imekwisha, humwambia taratibu: habari ya kufika, mwulize mwenyeji.