Meneja na Mrembo wa Kalenda

Kabla hujaanza kusoma, mfikirie mtu mmoja mwenye kalenda ukutani. Ukimaliza, mpelekee hadithi hii.

Mjini Ifakara kulikuwa na duka la zana za kilimo. Meneja wa mauzo alikuwa Bwana Mtitu, mcheshi, mwenye mdomo wa kumuuzia chura maji.

Fahari yake ilikuwa kalenda. Kila mwaka duka lilichapisha kalenda na kuigawa bure kwenye gereji, kwa vinyozi na kwenye mashine za kukoboa mpunga. Mwaka ule picha ilikuwa ya msichana mwenye vazi la kuogelea, amejilaza juu ya pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono. Tope halikuwepo. Mpunga haukuwepo. Mtitu mwenyewe ndiye aliyeichagua kutoka kwenye rundo la picha zilizotumwa na mpiga picha wa Dar es Salaam.

Mwenye duka alipostaafu, binti yake Atukuzwe akashika nafasi yake. Siku ya kwanza alipoingia ofisini kwa Mtitu aliitazama kalenda, kisha akamtazama Mtitu.

"Kaka Mtitu, hii imetosha. Mwaka ujao tuweke kitu kingine."

"Bosi, ukiitoa hiyo umeniua," Mtitu akasema. "Hiyo ndiyo inayouza. Mafundi wananiita Mtitu wa Kalenda mpaka Mlimba huko."

"Inauza pawatila au inauza msichana?"

"Vyote vinakwenda pamoja. Tena huyu tunamheshimu. Amekuwa kama mtu wa nyumbani, tuko naye humu mwaka mzima."

"Kwa hiyo unamjua."

"Hata akipita gizani, namjua."

Atukuzwe akafikiri kidogo. "Basi tuwekeane dau. Kesho, kabla hatujafunga, mwanamke huyu ataingia dukani na atazungumza na wewe. Ukimtambua, kalenda ni yako, sitaigusa tena. Usipomtambua, picha ya mwaka ujao nachagua mimi."

Mtitu akampa mkono upesi, bosi asije akabadili mawazo.

Kesho yake alivaa shati la sikukuu, akajipaka manukato na kuweka kiti chake mahali anapouona mlango. Kalenda ile ilikuwa kazi ya mikono yake, na hakuwa tayari kuipoteza kirahisi.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuza vitumbua. Mtitu akamkagua kuanzia kisigino, akaishia kiunoni.

"Baba, bei ni ile ile," yule mama akamwambia, "hata unitazame vipi."

Akafuata sista wa misheni aliyehitaji kipuri cha pampu ya maji. Mtitu akawaza kwamba bosi ni mjanja, huenda amemficha mrembo ndani ya vazi la kitawa. Akainama upande wa kulia, akainama upande wa kushoto.

"Mwanangu," sista akasema, "unanitazama kama nimekuibia kitu."

Mtitu akaomba radhi na kumpunguzia bei ya kipuri.

Baada ya chakula cha mchana akaingia mwanamke mwenye kilemba, kitenge na mabuti ya mpira yaliyojaa tope. Mtitu akayaona mabuti, akamtoa kwenye hesabu, akatulia kama muuzaji.

"Karibu, dada."

"Ahsante, kaka. Naitwa Devota, natoka Mngeta. Kikundi chetu cha akina mama kinalima mpunga, tunataka pawatila mbili. Lakini nina maswali."

Maswali yalikuwa mengi. Inakula dizeli kiasi gani kwa ekari? Ikikwama kwenye tope refu inanasuliwa vipi? Vipuri vipo hapa au vinaagizwa? Mtitu aliyajibu moja moja, akamfungulia injini, akamwonyesha magurudumu ya chuma ya kulimia majini. Saa nzima ikapita. Alikuwa hajapata mteja wa namna hiyo siku nyingi, na kila jibu lake lilikutana na swali lililo kali zaidi.

Hata hivyo, kila kivuli cha mwanamke kilipopita mlangoni aligeuza shingo.

"Kuna mtu unamngoja?" Devota akauliza.

"Dada, we acha tu." Akamsimulia lile dau lote, akamwingiza ofisini amwonyeshe kalenda.

Kwenye msumari wa kalenda ilikuwa imening'inizwa kofia ya pama ya Mtitu. Ukingo wake ulifunika uso wa msichana wa picha.

"Hii kofia inakaa hapo kila siku?"

"Msumari ni huo mmoja, dada." Akaiondoa. Wakasimama wawili wakiitazama picha: wigi refu, midomo myekundu, macho yaliyofumbwa nusu.

"Unamfahamu?" Mtitu akauliza.

"Namfahamu vizuri."

"Kweli? Basi akiingia nikonyeze."

"Nikukonyeze ya nini, na wewe umesema utamjua hata gizani?"

Mtitu akacheka, akarudisha kofia msumarini, wakarudi kwenye mambo ya injini. Walipoelewana, akampeleka kwa bosi kukamilisha ununuzi.

Saa ya kufunga ilipofika, Mtitu aliingia ofisini kwa Atukuzwe na kifua mbele. Devota alikuwa bado yupo, anakunywa chai.

"Bosi, dau limelala. Mtu wako hakuja."

"Amekuja. Na mmezungumza sana."

Mtitu akakuna kichwa. Akaifikiria siku nzima tangu asubuhi.

"Usiniambie ni yule sista."

Devota aliweka kikombe chini, maana chai ilikuwa inataka kumpalia. Atukuzwe alikuwa ameegemea ukuta, anafuta machozi ya kicheko.

"Ni mimi, kaka," Devota akasema. "Nilikuwa Dar natafuta ada ya chuo. Walinivika wigi, wakanilaza juu ya mashine, wakanikataza hata kushika mishikio yake nisije nikachafuka. Jana asubuhi nilipompigia bosi wako kuuliza habari za pawatila, nikamweleza kwamba wa kwenye kalenda ni mimi na kwamba ningekuja leo."

"Mbona hukusema nilipokuonyesha picha?"

"Uliniuliza kama namfahamu, nikakujibu. Mwaka mzima umenitazama, kaka Mtitu. Leo ndiyo kwanza tumeonana."

Mtitu akainamisha kichwa.

"Na usihuzunike," Devota akaendelea. "Kalenda yenu tuliletewa Mngeta. Wenzangu waliikata picha, wakabakiza tarehe na namba ya simu. Kilichonifanya ninunue leo ni majibu yako. Ungeniambia tu injini ni nzuri, ningeondoka."

Atukuzwe akamgeukia meneja wake. "Dau nimeshinda, picha nachagua mimi. Lakini muuzaji ni wewe. Ungekuwa mimi, ungeweka nini?"

Mtitu akakaa. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama mwanamke usoni, akangoja, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Ningemweka dada Devota akilima," akasema. "Na mabuti yake hayo hayo. Kama mwenyewe ataridhia."

Devota akamaliza chai yake taratibu.

"Nitaridhia," akasema. "Lakini safari hii mashine naiwasha mimi."

Funzo: Unaweza kumkodolea mtu macho mwaka mzima usimwone hata siku moja. Mwanamke si pambo la kusindikiza bidhaa. Ni mtu mwenye jina, akili na kauli, na mara nyingi ndiye mnunuzi uliyekuwa unamngoja.