Mkono wa Alute

Mtu hodari akishindwa hujiuliza amekosea wapi, lakini wapo wanaojikwaa wenyewe wakaigombeza njia. Wa namna hiyo alikuwa Tajdin, nahodha wa timu ya kriketi ya Dodoma.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Dodoma walikuja kucheza Singida mjini. Uwanja ulikuwa mkavu, upepo ukitimua vumbi kama kawaida yake, na katikati ulitandikwa mkeka mrefu wa kudundishia mpira. Timu ya Singida ilikuwa ya wenye maduka, ikiongozwa na Bwana Ramniklal, ila mrushaji wao tegemeo alikuwa Alute wa Unyambwa, mfugaji na msokota kamba. Kwa hasira alikuwa mwepesi kama moto wa mabua. Ukoo wao ulisokota kamba kinyume, kuelekea kushoto, na mkono uliozoea kazi hiyo ndio aliokwenda nao uwanjani. Vidole vyake viliuzungusha mpira hivi, kumbe kifundo cha mkono kimeutuma vile. Ukidunda, ulikata kona upande ambao hakuna aliyeutazamia.

Tajdin alisimama na kibao chake cha kupigia mbele ya vijiti vitatu alivyopaswa kuvilinda, kifua mbele. Mpira wa kwanza ulimpita. "Mkeka umekunjamana," akasema. Mkeka ukanyooshwa. Wa pili ukampita pia. "Upepo huu!" Wakangoja upepo utulie. Wa tatu uliviangusha vijiti, na watazamaji wakapiga vigelegele.

Kwa sheria, vijiti vikianguka mpigaji hutoka, lakini Tajdin hakuondoka. "Mwamuzi, huyu anakunja kiwiko! Anatupa kama anayefukuza ndege shambani. Na mpira wa kupinda namna hii haumo katika mchezo. Ni wizi mtupu!"

Sheria ilikuwa wazi: mrushaji akikunja kiwiko na kukikunjua wakati wa kurusha, mpira wake ni haramu. Mwamuzi, Mwalimu Damiani, alikuna kichwa. Jicho lake halikuwa na hakika. Kosa likithibitika, Alute angetolewa mchezoni, na jina la mwizi lingemfuata mpaka nyumbani kwake.

Ramniklal, ambaye hakupenda ugomvi na wageni, alimvuta Alute kando. "Ndugu yangu Alute, rusha ile ya kawaida tu. Mambo yaishe."

"Yaishe kwa nani, Bwana Ramniklal? Nikirusha ya kawaida nitakuwa nimekiri." Hasira ilimpanda, wala hakuificha. Akamgeukia Tajdin. "Hiyo mipira ya kupinda unayoijua wewe haikushuka na mvua. Kuna mtu aliianza. Hii nimeianza mimi! Kama kiwiko changu kinakunjika, kifungeni!"

Hapo akajitokeza Dorkas, muuguzi aliyekuwa miongoni mwa watazamaji. "Nileteeni fito na kamba. Kufunga mifupa ni kazi yangu ya kila siku."

Aliupanga mkono wa Alute kwa fito kuanzia begani hadi karibu na kifundo, akazikaza kwa kamba aliyoisokota Alute mwenyewe. Damiani alijaribu kuukunja kwa nguvu zake zote. Ulikuwa mgumu kama mchi.

"Simama tena," Alute akamwambia Tajdin. "Kama siri ni kiwiko, mpira utakuja umenyooka."

Alikimbia. Mkono uliokakamaa ukazunguka mzimamzima, kifundo peke yake kikicheza. Mpira ukadunda, ukakata kona, ukapenya kati ya kibao na mguu. Vijiti vikaanguka tena.

Damiani akainua kidole. "Mpira ni halali. Mpigaji ametoka."

Alute aliunyoosha ule mkono uliofungwa mbele ya uso wa nahodha. "Haya, sema mbele ya watu. Mwizi nani?"

Tajdin aliuokota mpira, akaugeuzageuza, akaukwaruza kwa ukucha. "Mpira wenyewe umechakaa," alinung'unika.

Hata wachezaji wake walishindwa kujizuia, wakaangua kicheko. Tajdin akashika njia ya kutoka, kibao kwapani, na Dorkas hakumwacha aende hivi hivi. Alipaza sauti, uwanja mzima ukamsikia:

"Mwacheni jamani! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!"