Gari Alilokimbilia Fisi

Paukwa.
— Pakawa.
Pakaota nini?
— Pakaota magugu.
Nani atayang'oa?
— Si sisi, tumekuja kusikiliza.
Basi sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikianza sisimami.

Alikuwako Nguchiro mmoja, mjane, jina lake Semeni. Mumewe alimwachia shamba mgongoni mwa kilima, shamba la kuchosha macho. Huku karanga, huku mihogo, kule malisho, na ukingoni ua wa minyaa uliotaka kukatwa kila msimu. Maji yalikuwa chini bondeni. Mbolea ilikuwa chini bondeni. Miti ya kujengea ilikuwa chini bondeni. Na Semeni mwenyewe, mkimsimamisha wima, hafiki gotini kwa mbuzi.

Alibeba maji kichwani, akapanda. Alibeba mbolea kichwani, akapanda. Alibeba miti kichwani, akapanda. Kila akifika juu, magugu ya chini yamesharudi.

Na nchi ile ilikuwa na sheria mbaya. Shamba likimezwa na magugu mpaka masika yakaisha, si lako tena. Ni la yeyote mwenye nguvu ya kuja kukaa juu yake.

Siku moja mavyaa wake, mama wa marehemu mumewe, Bi Mwaka, akamwambia, "Mwanangu, utavunjika shingo. Tafuta kigari. Sitaki cha fahari, nataka cha kubebea samadi."

"Nitakipata wapi, mama?"

"Wapi tena? Njia panda, kwa Sumbuko."

Sumbuko alikuwa Fisi, tena Fisi mnene. Aliuza magari ya mtumba. Zamani njia panda ile ilikuwa na wauzaji wengine. Mbweha aliuza, Ngiri aliuza. Siku hizi aliuza Sumbuko peke yake, na hakuna aliyeuliza wenzake walikwenda wapi.

Semeni akabeba karanga zake zote za mavuno, gunia juu ya gunia, akaenda.

"Karibu, shemeji," akasema Sumbuko. "Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Nataka gari la shamba. Lipande kilima, libebe maji, na bei yake isinile mimi na nyumba yangu."

"Lako hili hapa." Akapiga boneti ya pikapu moja nyekundu, paa. Ilimetameta kama embe lililopakwa mafuta. "Hii ilikuwa ya Tembo. Kama ilimbeba Tembo, itashindwa na debe la maji?"

"Niiwashe niisikie?"

"Gari lenye rangi mbichi haliwashwi kwenye vumbi, shemeji. Linashikwa na mafua."

Semeni akainama, akachungulia chini. Sumbuko akasimama mbele yake. Akaenda upande wa pili. Sumbuko akasimama mbele yake. Mwisho akaoneshea kidole pikapu nyingine kule nyuma, ya rangi ya tope, kioo kimoja kimepasuka, mbao zimefungwa kwa kamba.

"Na ile?"

"Ile haiuzwi. Ile ni maiti, nimeilaza tu kwa heshima."

Basi Semeni akatoa karanga, akachukua pikapu nyekundu. Akakalia kinu kilichopinduliwa ili aone mbele.

"Mbona haiwaki?" akauliza.

"Ya nini kuiwasha? Hapa ni mteremko tu," akasema Sumbuko, akaisukuma.

Tiriri, tiriri, tiriri, ikateremka vizuri mpaka bondeni. Huko chini, kwa kusukumwa na watu wa mtoni, ikawaka. Semeni akajaza mapipa ya maji. Bi Mwaka akapanda nyuma ayashike. Wakaanza kilima.

Kwe. Kwe. Kweche. Kweche.

Katikati ya kilima ikanyamaza. Semeni akakanyaga breki. Breki haikuwepo. Pikapu ikarudi nyuma, mapipa yakapinduka, maji yakasomba miche yote ya mihogo aliyoipanda kwa mkono wake, na Bi Mwaka aliporuka, gurudumu likampitia mkia kabla pikapu haijakwama kwenye tuta la mihogo. Kile kilio Semeni hakupata kukisikia kwa mtu mzima.

Alasiri mvua ikanyesha. Rangi nyekundu ikachuruzika. Chini ya rangi palikuwa na udongo, na chini ya udongo palikuwa na kutu ya kupenyeza mkono mzima. Semeni akasimama mvuani akiitazama, akaimba kwa sauti ya chini:

*Nimenunua rangi, sikununua gari,*
*nimenunua rangi, mvua imeidai.*

Asubuhi akarudi njia panda. Alimkuta Sumbuko kajinyoosha, anatafuna karanga. Karanga zake.

"Shemeji, gari bovu. Nirudishie mali yangu."

"Kilichouzwa kimeuzwa."

"Limemkanyaga mama mkia."

"Mzee yule, mkia wa nini?" Sumbuko akacheka, hii-hii-hii, maganda yakamtoka mdomoni. "Halafu usijisumbue. Kwa Swala niliuza gari kama lako, magugu yakaota, nikaenda kukaa. Kwa Kanga vivyo hivyo. Masika yakiisha nitakuja kwako. Kule juu pana upepo mzuri."

Hapo ndipo Semeni alipoelewa. Sumbuko hakuuza magari. Alinunua mashamba, na malipo aliwatoza wenyewe.

Ilimpanda hasira mpaka masikio yakawa yanavuma. Angeweza kumrukia. Angemng'ata mara moja tu, halafu angeliwa, na Bi Mwaka angebaki peke yake na jeraha. Kwa hiyo hakumrukia. Aliimeza ile hasira nzima nzima, kama nyoka anavyomeza yai, akaondoka nayo.

Njiani akamkuta Nyati, kamba shingoni, anakokota lori.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Lori lina nini?"

"Marahaba, binti yangu. Halina kitu. Nimeuziwa na Sumbuko. Kasema lori geni huvutwa kwanza mpaka lizoee njia."

"Unalivuta tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Limezoea?"

Nyati akafikiri. "Bado. Lakini mimi nimezoea."

Semeni hakucheka. Shingo ya mzee yule ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu. Akamwambia taratibu, "Mzee wangu, ndani ya lori hilo hamna injini. Fungua uone."

Nyati akafungua boneti. Ndani palikuwa na jiwe, kiota cha ndege, na jiwe jingine. Akafunga. Pumzi zikaanza kumtoka puani, fuu, fuu, na macho yakabadilika rangi.

"Nitamkuta wapi?"

"Ukienda njia panda atakuona kwa mbali, akimbie. Nenda kivukoni, chini ya kilima changu, ukae majini. Nitamleta kwako."

Nyati akiambiwa akae majini haambiwi mara mbili. Akaenda.

Kesho yake Semeni akamficha Bi Mwaka nyuma ya kichuguu, karibu na njia panda, mkia umefungwa kitambaa, mkononi mchi wa kutwangia. Yeye mwenyewe akaenda kwa Sumbuko mbio, akihema.

"Shemeji, Nyati kafungua boneti."

Sumbuko akaacha kutafuna.

"Anakuja. Hebu sikiliza."

Bi Mwaka akapiga ardhi kwa mchi. Ndi. Ndi. Ndi.

Sumbuko akaruka. Akafika kwenye lori la bluu linalong'aa, hakuligusa. Akafika kwenye gari la kijani linalong'aa, hakuligusa. Akafika kwenye jeupe linalong'aa. Hata kulitazama hakulitazama. Akaenda moja kwa moja nyuma kabisa, kwenye ile pikapu ya tope, ile maiti, akavua ufunguo uliokuwa unaning'inia shingoni mwake.

Trrrrr. Mara moja, bila kikohozi.

Semeni akadandia nyuma. "Kwangu," akasema. "Kilimani. Nyati ana goti bovu, hapandi upesi."

Pikapu ikapanda kilima kama mjusi ukutani. Haikutoa moshi. Haikupiga kelele. Mbuzi alipokatiza njia Sumbuko akakanyaga breki, ikasimama pale pale. Semeni, huko nyuma kaning'inia, aliyaona yote, na kila alipoona jema hasira ikamzidi. Kumbe gari zima lilikuwepo siku ile ile. Lilikuwepo hatua chache tu kutoka kwa lile lililomuumiza Bi Mwaka.

Juu kilimani akamwonesha Sumbuko shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa. "Ingia, shemeji. Mimi nitakulindia."

Akaingia. Tumbo lilikwama, akavuta pumzi, akazama.

Bi Mwaka akafika alasiri kwa miguu, kanuna, mchi begani. Akaketi karibu na shimo. Sumbuko akitoa pua, anapiga ardhi. Ndi. Ndi. Ndi. Pua inarudi ndani.

"Hajaondoka?"

"Anazunguka, baba."

Semeni akachukua ile pikapu, akaweka kinu chake juu ya kiti, akafanya kazi. Alipakia maji, akapanda. Alipakia samadi, akapanda. Alipakia miti, akapanda. Alifunga mti wa mwiba nyuma yake, akaukokota juu ya magugu huku na huku mpaka yakalala. Miche mipya ikaingia ardhini. Ua wa minyaa ukakatwa. Alifanya hivyo kutwa, na kesho yake, na siku zilizofuata, na wala uso wake haukukunjuka.

"Semeni," sauti ikatoka shimoni, "mbona nasikia gari langu?"

"Ulisikialo ni kweli. Nyati kaliteka. Anakutafuta nalo. Ukiiona pikapu ya tope, ujue aliye kwenye usukani ni Nyati."

Sumbuko akachungulia. Akaiona pikapu ya tope inapita na vumbi lake. Akarudi chini, akajikunyata.

Njaa ikamla. Mafuta yakaisha mwilini, ngozi ikabaki kama gunia tupu. Mwishowe akasema, "Shemeji, nitoroshe. Nitakufa humu."

"Hapa kuna gari moja tu ambalo Nyati hana habari nalo. Ile nyekundu uliyoniuzia. Lakini ni yangu. Kilichouzwa kimeuzwa."

"Tubadilishane. Chukua ile ya tope."

"Yenye Nyati ndani?"

"Na Nyati wake. Yako yote."

"Sema mbele ya mama."

Sumbuko akatoa kichwa, akamtazama Bi Mwaka na mkia wake uliofungwa. "Ya tope ni ya Semeni. Nyekundu ni yangu. Kilichobadilishwa kimebadilishwa."

"Nimesikia," akasema Bi Mwaka.

Sumbuko akatoka akinyata, akajipenyeza ndani ya ile pikapu ya kutu pale ilipokwama. Halafu akasita. Akasema neno la kweli, labda la kwanza maishani mwake.

"Semeni, hii haina injini ya maana. Hata breki niliing'oa, nikaifunga kwenye ile yangu."

"Ya nini injini?" akasema Semeni. "Hapa ni mteremko tu."

Akaisukuma. Alikuwa mdogo, lakini hasira yake ilikuwa kubwa, ikamsaidia kusukuma.

Tiriri. Tiriri. Tiririririri. Mlango ukadondoka. Boneti ikaruka. Sumbuko akashika usukani, usukani ukambakia mkononi. Kivukoni maji yakatawanyika, pwaa.

Maji yalipotulia, palikuwa na pembe mbili mbele yake.

"Sumbuko," akasema Nyati polepole, "hili lako limezoea njia?"

Nyati hakumuua. Alitoa kamba shingoni mwake, akaitia shingoni mwa Sumbuko, na ncha ya pili akaifunga kwenye lori. Kisha akamwonesha kilima. Sumbuko akavuta. Akavuta kwa miguu ya mbele, akavuta mpaka kiuno kikashuka, na hakijainuka hata leo. Mtazameni Fisi yeyote akitembea.

Siku moja alipita na mzigo wake chini ya ua wa minyaa, akamwona Semeni juu ya pikapu ya tope.

"Shemeji, niombee kwa Nyati. Nimetubu."

Semeni akazima gari ili amsikie vizuri. Akamtazama sana. Akamtazama shingo, akamtazama kiuno.

"Mkia wa mama haujanyooka," akasema. Akawasha gari, trrrrr, akaenda kwa Swala. Swala na Kanga walikuwa wamesharudi mashambani kwao, na magugu ya huko yalikuwa marefu, yakihitaji gari.

Basi, enyi wasikilizaji, wazee walisema hasira hasara, nao wazee hawakosei. Mmemwona wenyewe Semeni. Kakasirika, kapata gari zima. Kakasirika, kaokoa shamba lake, na la Swala, na la Kanga. Kakasirika, na Fisi kavishwa kamba. Hasara juu ya hasara. Kwa hiyo mtu akikuuzia rangi ukadhani ni gari, tabasamu, mshukuru, mpe na karanga za njiani.

Ngano yangu nimeitua. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache mlangoni, mbuzi wataila.