Anayebaki Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, kabla jembe halijapata jina, watu hawakuwa na kwao. Leo hapa, kesho kule, wakifuata nyama, asali na mizizi. Nao walifuatwa na Zimwi. Lilimkamata wa mwisho msafarani, likamtafuna huku likiimba: "Anayebaki nyuma ni wangu!"

Kiongozi wao aliitwa Lugendo. Sheria yake ilikuwa moja: asiyeweza kutembea aachwe, Zimwi lishibe, wengine wapone. Waoga wale waliiita busara.

Lugendo alikuwa na dada, Kalunde. Mume wa Kalunde alikuwa ameshaliwa, akabaki na binti mmoja tu, Nzigo. Mama yao Lugendo na Kalunde alipokufa walimzika kwa desturi yao: konzi ya mtama wa porini mkononi, masurufu ya safari ya kuzimu. Wakaenda zao.

Mvua zikanyesha. Siku moja msafara ukapita tena pale, wakaona kaburi limeota majani mabichi.

"Maiti anaota nywele!" akapiga kelele Lugendo. "Kimbieni!"

Wakakimbia, wapumbavu wale! Katika kusukumana, Nzigo akaanguka maweni, mguu ukavunjika, mfupa ukatoka nje.

"Mwache," akasema Lugendo.

"Kaka, sina mwingine ila huyu."

"Basi baki naye. Mtaliwa pamoja."

Kalunde akabaki. Akamfunga mtoto mguu kwa magome ya mti, akaketi kaburini analia. Alipoyatazama vizuri yale majani, akayajua.

"Mama," akasema, "chakula chako hukukila. Umeturudishia sisi."

Basi Zimwi likaja. "Anayebaki nyuma ni wangu!" Kalunde akalitupia nyama kavu yote aliyokuwa nayo. Likala, likaondoka.

Likaja mara ya pili. "Anayebaki nyuma ni wangu!" Nyama imekwisha. Likaukamata mkono wake wa kushoto, likauvunja kwa meno, kra! likaumeza hadi kifundo. Kalunde akalichoma puani kwa kijinga cha moto, nalo likakimbia likipiga mayowe.

Akalikausha jeraha lake kwa kijinga kilekile. Kisha akachukua muo, ule mti wenye ncha wa kuchimbulia mizizi, akachimba kwa mkono mmoja. Siku saba alichimba. Akasimika miti iliyochongwa ndani ya shimo, akalifunika kwa nyasi. Nzigo akaketi ng'ambo ya shimo, ndiye chambo.

"Mama, naogopa."

"Hata mimi, mwanangu. Kaa hapohapo."

Likaja mara ya tatu. "Anayebaki nyuma ni wa..." Pu! Miti ikalitoboa tumbo. Kalunde akaruka shimoni, akalidunga muo wa jicho, akadunga tena, akadunga tena, mpaka ubongo ukamwagika. Akalipasua tumbo kwa jiwe kali.

Wasimuliaji wengine watawaambia watu walitoka wazima, wakicheza ngoma. Mimi siwadanganyi. Ilitoka mifupa. Kalunde akauona mkufu wa mumewe, wa meno ya ngiri, akalia mpaka sauti ikakauka.

Akafukia shimo. Mtama wa kaburini ulipoiva, nusu wakala, nusu akaufukia juu ya Zimwi. Uliota mwekundu, na mpaka leo ni mwekundu.

Mwaka wa pili msafara ukarudi, njaa imewamaliza. Walipoona shamba, wakalivamia kama nzige. Nyuma kabisa alijikokota Lugendo kwa magoti, mguu umeoza. Wenzake walikuwa wamemwacha asubuhi ile, kwa sheria yake mwenyewe.

Kalunde akamwendea na muo mkononi. Alitaka kumdunga, wallahi alitaka! Lugendo akafumba macho.

"Najua, dada. Anayebaki nyuma ni..."

"Ni wetu, mjomba," akasema Nzigo, akichechemea na bakuli la kibuyu. Akamlisha mtama uliokaangwa.

Kalunde akautupa muo mapajani mwa kaka yake.

"Kula. Ukishiba, kuna palizi. Hiyo hufanywa hata kwa kuketi."

Basi hawakuhama tena. Nanyi jueni: kijiji hakianzi kwa nyumba, kinaanza siku ile asiyeweza kutembea anaposubiriwa.

Hadithi yangu nimeifukia hapo. Ikiota, ni yenu.